Gari Lililolia Usiku

Ninyi mlio jikoni mkichemsha chai, ninyi mlio ndani ya matatu mkielekea kazini, nanyi mliolala katika vitanda vya hospitali, karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo nataka kuwaeleza habari za gari. Huenda mmoja wenu anauliza, "Mchungaji na magari wapi na wapi?" Ni kweli, chuoni Limuru tulifundishwa Kiyunani na historia ya Kanisa, hatukufundishwa kufungua boneti. Lakini Bwana wetu alifundisha watu kwa habari za taa, za mbegu na za sarafu iliyopotea ndani ya nyumba. Alichukua vitu walivyovishika kila siku. Basi na mimi nachukua kitu ambacho wengi wetu tumekigusa, nacho ni betri.

Katika mtaa mmoja wa Nairobi anakaa mzee mmoja mshiriki wa kanisa letu. Jina lake nitaliacha. Mwaka 1973, siku za Pasaka, baba yake alimpeleka kando ya barabara kutazama magari ya Safari Rally. Wakubwa kati yenu mnakumbuka kwamba siku zile mashindano hayo yalikuwa yakifanywa wakati wa Pasaka, na sisi makasisi wa baadaye tumesimuliwa jinsi wazee wetu walivyosikitika kuona vijana wako barabarani badala ya kanisani! Mwaka ule Shekhar Mehta alishinda kwa Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili, baada ya kulingana kwa pointi na Harry Källström. Mzee wetu alikuwa mtoto wa miaka kumi. Aliliona gari lile likipita kwa kishindo na tope, akasema moyoni, "Siku moja na mimi nitakuwa na gari la namna hii."

Alisoma, akafanya kazi, akalea watoto, akawasomesha. Alipostaafu, na mkewe akiwa amekwisha kulala katika Bwana, alitoa sehemu ya pesa zake akanunua gari la michezo lililokuwa limetumika. Halikuwa la aina ile ya 1973, na jina lake sitalitaja, kwa sababu waliolitengeneza hawakuwa na kosa. Ni gari dogo, la chini, lenye viti viwili. Alilijengea banda la mawe kando ya nyumba, akalifunika kwa turubai. Akaliendesha mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akaogopa mashimo, akaogopa matuta, akaogopa wenye matatu. Shughuli zake zote akazifanya kwa pikapu yake ya zamani, na lile gari likabaki bandani. Kwa mwaka lilitoka mara tatu au nne.

Ndugu wasikilizaji, gari hilo likaanza kulia usiku.

Mnajua king'ora cha gari. Usiku wa manane, saa nane, mtaa mzima umelala, mara gari linapiga kelele kama mtu anayeuawa. Mara ya kwanza majirani walitoka na marungu na tochi. Hawakuona mwizi. Mara ya pili wakatoka wachache. Mara ya tatu hakutoka mtu. Mara ya nne walimpigia mzee simu, wala maneno yao hayakuwa ya kistaarabu.

Aliyeumia zaidi alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mama mmoja muuguzi. Yeye hufanya kazi zamu ya usiku, na usiku ambao hana zamu ndio usiku wake wa kulala. Ana watoto watatu. Siku moja alimwambia mzee pale langoni, "Mzee, mimi nakuheshimu kama baba yangu. Lakini hilo gari lako linatuua. Liuze, au likate waya." Mzee akajibu kwa ukali kwamba gari ni lake na kiwanja ni chake. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Miezi mitatu walipita langoni kama watu wasioonana. Jumapili wote wawili walikuja kanisani, yeye upande huu na mama upande ule, wakapiga magoti kwenye meza moja ya Bwana.

Na mimi mchungaji wao nilijua. Mzee wa kanisa alikuwa ameniambia. Nilisema, "Nitawatembelea." Lakini kulikuwa na harambee ya paa, kulikuwa na mazishi, kulikuwa na mkutano wa dayosisi. Sikuenda.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Usiku mmoja wa mwezi wa Julai, baridi kali, king'ora kililia tena. Mzee alitoka akabonyeza rimoti ya ufunguo, gari halikusikia. Akabonyeza tena, wapi. Kikanyamaza chenyewe, kisha baada ya dakika chache kikalia tena. Mzee akaona aibu. Aliniambia baadaye, "Pasta, usiku ule nilimsikia mtoto wa jirani akilia kwa sababu ya gari langu, nikasema, leo nang'oa betri hii hata kama ni usiku."

Lakini gari lile betri yake iko mbele, na kifuniko cha mbele hufunguliwa kwa umeme. Betri ikifa, kifuniko hakifunguki, na kifuniko kisipofunguka huwezi kuifikia betri iliyokufa! Waliolitengeneza waliacha njia moja: chini ya usukani, penye fyuzi, kuna mahali pa kuingiza umeme kidogo kutoka betri nyingine, ili kifuniko kifunguke. Mzee alikuwa amesoma hayo katika kitabu cha gari. Akaleta betri ya pikapu, akaiweka sakafuni, akashika tochi kwa meno, akaunganisha waya. Umeme ulipoingia tu, king'ora kikalia kwa nguvu zake zote, karibu na sikio lake. Mzee akashtuka, mguu ukanaswa na waya, akaanguka juu ya saruji. Mfupa wa nyonga ukavunjika.

Akaita. Nani angemsikia? King'ora kilikuwa kikilia juu ya sauti yake. Na wale waliokisikia king'ora walifunga madirisha, wakavuta blanketi.

Mtu mmoja tu alitoka. Yule mama muuguzi alivaa koti, akazunguka ukuta, akamgongea mlinzi lango, akaenda moja kwa moja mpaka bandani. Msidhani alikwenda kusaidia. Mwenyewe alinieleza, "Mchungaji, nilikwenda nikiwa na maneno ya miezi mitatu. Nilikuwa nimeyapanga." Alipofika mlangoni aliona tochi imeanguka, akaona viatu vya mzee, akaona mzee yuko chini. Yale maneno yote yakamtoka kichwani. Akamwambia, "Baba, usijisogeze. Usijisogeze hata kidogo." Akachomoa waya, akamfunika kwa koti lake, akamtuma mlinzi aite watu, akaita gari la wagonjwa. Aliketi pale sakafuni akimshika mkono mpaka lilipofika.

Nilifika hospitalini asubuhi. Mzee aliniambia, "Pasta, nenda kanitazamie lile gari, lisije likawasumbua watu tena." Nikamchukua fundi wa umeme wa magari, kijana wa kwaya yetu, tukaenda. Na mambo aliyonieleza fundi pale bandani ndiyo ninayotaka kuwapa leo asubuhi, kwa maana ninaona yananihusu mimi na yanakuhusu wewe.

Jambo la kwanza. Fundi alipima betri kwa mita. Betri ya gari ina vyumba sita, kila chumba hutoa volti mbili na kidogo, na ikijaa na kutulia husoma kama volti 12.6. Hii ilisoma chini ya 9. Nikamwuliza, "Imekulaje chaji, na gari halijaenda popote?" Akacheka. Akasema, "Pasta, gari likisimama halilali. King'ora kinalinda, saa inatembea, kile kifaa kinachosikiliza rimoti kiko macho usiku na mchana. Vyote vinakula kidogo kidogo."

Akanifanyia hesabu kwa kijiti mavumbini. Betri ile ni ya 60, yaani, kwa kukadiria, inaweza kutoa ampea moja kwa saa 60. Vile vitu vinavyokesha hula, tuseme, sehemu moja ya ishirini ya ampea. Ni kidogo sana, hata balbu ndogo ya ndani ya gari hula zaidi. Basi saa 60 mara 20 ni saa 1,200, nazo ni siku 50. Siku 50 za kusimama tu, na betri nzima imekwisha. Tena starta hushindwa kabla ya hapo, maana yenyewe hutaka nguvu nyingi kwa mara moja.

Wapendwa, wako Wakristo wanaosema, "Mimi sijafanya dhambi yo yote. Nimesimama tu." Sijamwibia mtu, sijamtukana mtu. Lakini je, huoni kwamba hata ukisimama unatumia? Wasiwasi wa karo unakula. Ugonjwa wa mama kijijini unakula. Hofu ya kazi, huzuni ya usiku, neno baya la jirani, yote yanakula kidogo kidogo usiku na mchana. Asiyeomba na asiyeketi na Neno la Mungu anashuka, na yeye mwenyewe anadhani yuko pale pale. Wale wanawali watano katika mfano wa Bwana wetu walikuwa na taa, wakatoka na wenzao, wakalala pamoja na wenzao. Kwa macho hukuona tofauti. Tofauti ilionekana usiku wa manane, taa zilipohitajika.

Jambo la pili. Nilimwambia fundi, "Lakini mzee huliwasha kila Jumapili baada ya ibada. Huliacha lingurume dakika tano, kisha hulizima." Fundi akatikisa kichwa. Akasema, "Pasta, hapo ndipo wengi wanapodanganyika." Kwa juma moja betri ile imepoteza kama sehemu moja katika saba za nguvu zake. Kisha starta inachukua fungu lake. Dakika tano za kunguruma pale pale haziwezi kuyarudisha hayo. Betri hujazwa na safari, injini ikizunguka vema kwa nusu saa, kwa saa nzima. Mzee alisikia mngurumo, akaridhika. Lakini kila Jumapili betri ilizimwa ikiwa na pungufu, na kila Jumapili pungufu lilikuwa kubwa kuliko la juma lililopita.

Hapo nilinyamaza, maana nilijiona. Sisi tunaokuja kanisani Jumapili, tunaimba, tunanguruma vizuri kabisa, na saa saba tumezima mpaka Jumapili nyingine! Mngurumo wa ibada ni mzuri, lakini safari ni Jumatatu. Safari ni kumtembelea mgonjwa, ni kulipa deni, ni kumwambia jirani, "Nisamehe, nilikosa." Imani hujazwa barabarani, katika kutumika. Nami nilikuwa nimehubiri habari za upatanisho mara mbili katika miezi ile mitatu, na kwa wale wawili sikwenda.

Fundi akaongeza neno lingine. Betri ya namna hii, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, ina sahani za risasi ndani ya asidi. Ikikaa muda mrefu bila chaji, sahani zile huota ukoko mgumu mweupe. Ikiwahiwa mapema, huamka kwa kuchajiwa polepole. Ikiachwa sana, hata uipe umeme wa kutosha haiwezi tena kuupokea. Ndugu yangu, usiseme, "Nitarudi kwa Mungu nikipata nafasi." Mungu hachoki kutoa. Hofu yangu ni kwamba sisi tunaweza kuwa wagumu mpaka tushindwe kupokea.

Jambo la tatu, na ndilo lililonigusa zaidi. Nikamwuliza fundi, "Na hiki king'ora, kwa nini kililia bure miezi yote hii?" Akanijibu, "Hakikulia bure, Pasta." Akanieleza kwamba king'ora cha gari lile kina betri yake ndogo ndani, ili mwizi akikata betri kubwa, kiweze kulia hata hivyo. Sasa betri kubwa inaposhuka sana, king'ora hakijui kama ni mwizi amekata waya au ni njaa tu. Kinachojua ni kwamba nguvu zinakwisha, nacho kinalia. Watu wote walisema ni kelele za uongo. Kumbe gari lilikuwa likisema kweli: "Ninakufa. Njoni mnitazame."

Wapenzi wasikilizaji, katika nyumba zetu wako watu wanaolia namna hiyo. Mume amekuwa mkali, kila jambo ni ugomvi. Mtoto amekuwa mtukutu, anavunja vyombo. Nyanya analalamika asubuhi mpaka jioni. Mshiriki mmoja kila mkutano anainuka kupinga. Nasi tunafunga madirisha. Tunasema, "Ndiyo tabia yake." Je, tumewahi kwenda bandani na tochi? Mzee yule alipomjibu jirani yake kwa ukali pale langoni, ilikuwa miezi michache tu tangu azike mke wake. Nani kati yetu alikumbuka hilo? Tulisikia ukali, hatukusikia upweke.

Tena wako wanaotaka kukata waya. Dhamiri inapolia, wanaizima kwa pombe, au kwa kazi nyingi, au kwa kujiambia kwamba kila mtu anafanya hivyo. Ukikata waya utapata usingizi, ni kweli. Lakini betri itaendelea kufa, na safari hii hutaambiwa.

Sasa niwaeleze mwisho wake. Fundi aliweka betri mpya, akabadilisha king'ora kilichokuwa kimezeeka, akaacha chaja ndogo ya kuilisha betri polepole gari linapokaa. Akamwachia mzee maagizo, nami nawapa ninyi mlio na magari: usifanye kazi ya betri peke yako usiku. Usiwashe sigara karibu nayo, maana hutoa hewa inayoweza kulipuka. Asidi yake huchoma macho. Ukifungua, anza na waya wa hasi; ukifunga, maliza na huo. Na zaidi ya yote, liendeshe gari.

Mzee alikaa hospitalini, kisha akatembea kwa magongo miezi mingi. Siku aliporudi nyumbani nilikwenda, safari hii sikuchelewa. Nilimkuta yule mama muuguzi ameleta uji. Mzee akamwambia mbele yangu, "Binti yangu, nilikujibu vibaya langoni." Mama akasema, "Na mimi, Baba, usiku ule nilikuja kukutukana. Mungu ndiye aliyenipa kazi nyingine." Wakalia wote wawili, na mimi kidogo.

Leo, kila Jumamosi alfajiri, mama yule anapomaliza zamu yake ya usiku, hukuta gari dogo la viti viwili likimngoja nje ya hospitali. Mzee humrudisha nyumbani kwa watoto wake. Ni mwendo wa zaidi ya nusu saa kwenda, na kurudi vivyo hivyo, na fundi anasema unatosha kabisa. Mashimo bado yapo, matuta bado yapo. Rangi imekwaruzwa upande mmoja. Mzee anasema hajali. King'ora hakijalia tena.

Rafiki yangu unayenisikiliza, leo kuna mtu wa kumwendea. Huenda ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Usingoje mpaka uwe na hasira ya kukutoa nyumbani. Nenda leo.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe uliye chemchemi ya nguvu zetu, wengi wetu tumesimama siku nyingi, nasi tumeishiwa wala hatukujua. Utujaze tena. Utusamehe kwa vilio tulivyovifungia madirisha. Uwakumbuke wajane, wagonjwa, na wote wanaofanya kazi usiku huku sisi tumelala. Ututoe bandani, ututume njiani, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, na Mungu awabariki.